Kuuza kwa lumbesa, kununua kwa kijiko: Mkulima analipia chakula au nembo?

MKULIMA wa Kigwa, wilayani Uyui mkoani Tabora, anapovuna huuza mahindi na karanga zake kwa gunia lililofungwa lumbesa. Miezi sita baadaye mkulima huyo huyo hununua mafuta ya kula kwa kipimo kidogo cha jioni, majani ya chai kwa kifuko cha siku moja, na unga wa pakiti yenye jina la kiwanda cha mbali. Anapouza, hutoa zaidi ya anacholipwa. Anaponunua, hulipa zaidi ya anachopata.

Fedha ya mavuno inapokwisha kabla ya Krismasi, lawama huangukia bei ya vyakula. Bei kweli hupanda. Lakini sehemu ya fedha hiyo haiendi kwenye chakula chenyewe. Huenda kwenye jina lililoandikwa juu ya pakiti, kwenye matangazo, na kwenye gharama ya kununua kidogo kidogo.

Jambo hili maduka makubwa ya nje yaliligundua zamani, na yakalifanya kuwa biashara. Mwaka 1976 kampuni ya Carrefour ya Ufaransa ilianza kuuza bidhaa 50 za kawaida za nyumbani katika pakiti nyeupe zisizo na jina la kiwanda chochote. Nchini Uingereza, kampuni ya Tesco ilianzisha mwaka 1993 bidhaa zake za bei nafuu, nazo zikawa na pakiti isiyo na mapambo. Maduka ya Aldi ya Ujerumani yamejengwa kwa sehemu kubwa juu ya bidhaa za namna hiyo, ambazo hubeba nembo za duka badala ya nembo za viwanda vyenye majina makubwa.

Afrika Mashariki nayo iliwahi kuonja. Nakumatt ya Kenya, ambayo ilifungua maduka hadi Tanzania kabla ya kuanguka, ilikuwa na bidhaa zake zilizoitwa Blue Label. Mteja wa mjini aliyepita kati ya rafu aliona mchele wa kampuni maarufu na mchele wa duka umekaa bega kwa bega, akachagua.

Mkazi wa Kigwa hana rafu hizo. Ananunua kwenye duka la kijiji, gengeni na gulioni. Hata hivyo, hesabu iliyofanya bidhaa za nembo ya duka kuwa rahisi inaweza kufanyika kijijini pia, mradi ieleweke inatoka wapi.

Unafuu unatoka wapi

Bidhaa ya nembo ya duka haiwi rahisi kwa sababu chakula chake lazima ni kibovu. Mara nyingi hutengenezwa na kiwanda kinachotengeneza pia bidhaa zenye majina. Tofauti ni kwamba duka linanunua shehena kubwa kwa mara moja, halilipii matangazo ya redio na televisheni, pakiti ni ya kawaida, na mawakala wa katikati wamepungua. Kila hatua iliyoondolewa ilikuwa na faida yake juu ya bei. Ikiondoka, bei inashuka.

Mfano mzuri zaidi kwa msomaji wa kijijini ni wa Uswisi. Mwaka 1925 mfanyabiashara Gottlieb Duttweiler alianzisha kampuni ya Migros kwa magari matano yaliyopita mitaani yakiuza bidhaa sita tu: kahawa, mchele, sukari, tambi, mafuta ya nazi na sabuni. Hakuwa na duka. Aliuza kwa bei ya chini, na wenye viwanda vyenye majina wakagoma kumuuzia. Alijibu kwa kutengeneza bidhaa zake mwenyewe. Mwaka 1941 Migros iligeuzwa kuwa ushirika, na mpaka leo ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa rejareja nchini humo.

Bidhaa sita na gari si mambo mageni Tabora. Vyama vya msingi vya wakulima wa tumbaku vimezoea kuagiza mbolea kwa pamoja. Kinachoshangaza ni kwamba mkulima anayenunua mbolea akiwa na wenzake mia hununua mafuta ya kula peke yake, kwa kipimo cha siku.

Hesabu ya kipimo

Tuchukue hesabu ya mfano, si bei ya soko. Kipimo cha mafuta cha mililita 100 kikiuzwa Sh800, lita moja imeuzwa Sh8,000. Chupa ya lita moja ikiwa Sh6,000, mnunuzi wa vipimo amelipa Sh2,000 zaidi kwa mafuta yale yale. Dumu la lita 20 likipatikana kwa Sh104,000, lita inakuwa Sh5,200.

Kaya 10 zikichanga kununua dumu hilo, kila moja inapata lita mbili kwa Sh10,400. Kwa vipimo vya dukani kila kaya ingelipa Sh16,000. Sh5,600 zimebaki mfukoni bila mtu kupunguza mboga.

Kanuni ni moja kwa bidhaa zote: bei igawanywe kwa uzito au ujazo, ndipo zilinganishwe. Pakiti kubwa si lazima iwe rahisi, na yenye bei ndogo inaweza kuwa ghali kuliko zote. Macho huona bei, lakini kinacholiwa ni gramu.

Wapo watakaouliza, mtu asiye na Sh10,000 kwa mara moja afanye nini? Swali hilo ni la haki. Muuza vipimo naye si mwizi. Hubeba gharama ya kukata bidhaa, mafuta mengine humwagika, na mara nyingi hukopesha. Faida yake ni malipo ya huduma hiyo. Kwa hiyo dawa ni kutenga fedha ya manunuzi wakati fedha ipo. Tabora ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili. Mavuno na malipo ya tumbaku huja katikati ya mwaka, na njaa ya mfuko huja Desemba hadi Machi. Anayenunua dumu Agosti hulinunua kwa fedha yake. Anayenunua kipimo Januari mara nyingi hununua kwa deni.

Somo la merikani

Kigwa si mgeni wa biashara ya majina. Kijiji kilikuwa kituo katika njia ya misafara kati ya pwani na Unyanyembe. Henry Morton Stanley alipita hapo mwaka 1871, na wapagazi wake walibeba nguo, shanga na waya, vitu ambavyo ndivyo vilivyonunua chakula njiani.

Nguo iliyopendwa zaidi katika njia hiyo ilikuwa merikani, pamba nyeupe iliyoletwa Zanzibar na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts. Jina la nchi lilikuwa nembo ya ubora. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya mwaka 1861 hadi 1865 vilikata pamba hiyo, na nguo za Uingereza na baadaye za viwanda vya Bombay zikachukua nafasi. Jina la merikani lilibaki sokoni hata nguo ilipokuwa haitoki tena Marekani.

Jina linaweza kuishi kuliko sifa iliyolizaa. Nguo zilipimwa kwa mkono, mikono minne ikiwa shuka moja na mikono minane ikiwa doti, na mwenye mkono mfupi alipimia wenziwe pungufu. Maswali mawili ya wakati ule ndiyo ya leo: kilichomo ndani ni kipi, na kipimo ni cha nani?

Pakupunguza na pasipopunguzwa

Bidhaa ya kwanza ya kuangalia ni unga. Kaya yenye mahindi yake inayonunua sembe ya pakiti inalipia usafiri wa mahindi kwenda mjini na kurudi. Mahindi yakisagwa dona, kilo zinazorudi nyumbani ni nyingi kuliko sembe, kwa kuwa pumba na kiini havitolewi, na lishe hubaki. Ila dona haikai muda mrefu kwa sababu mafuta ya kiini huharibika. Isagwe ya wiki moja au mbili, si ya miezi.

Chai ya asubuhi ni eneo la pili. Mkate na maandazi ya kununua kila siku hula fedha nyingi kimya kimya, wakati michembe na matobolwa ya viazi vitamu, vilivyokaushwa wakati wa kiangazi, ni akiba ambayo Wanyamwezi na Wasukuma wameitumia vizazi vingi. Hiyo ni bidhaa isiyo na nembo, na gharama yake kubwa ni jua na kazi.

Sukari, mchele na maharage havibadiliki kwa kupewa jina. Sukari ya gunia la kilo 50 iliyopimwa kwa mzani ni sukari ile ile ya pakiti.

Chumvi ni habari nyingine. Chumvi ya Uvinza ilijulikana katika njia ya misafara kabla ya reli, na bado kuna chumvi ya mafungu inayouzwa bila maandishi. Tangu miaka ya 1990 chumvi ya kula nchini inatakiwa kuwa na madini joto, ambayo huzuia rovu na hulinda akili ya mtoto aliye tumboni. Kwa bidhaa hii tofauti ya bei ni ndogo na hasara ni kubwa. Inunuliwe ile yenye maandishi ya madini joto, ihifadhiwe kwenye chombo chenye kifuniko.

Karanga na mahindi ya bei ya kutupa nayo yatazamwe kwa makini. Mwaka 2016 watu kadhaa walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kutokana na sumukuvu, sumu ya ukungu ambayo haiondoki kwa kupikwa. Karanga zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu hazifai hata kwa kusagia mboga.

Mafuta ya alizeti ya mashine ndogo, yanayotoka mkoa jirani wa Singida, yanaweza kuwa nafuu halali. Lakini yale yaliyopangwa barabarani kwenye chupa nyeupe mchana kutwa huharibiwa na jua. Mnunuzi achukue yaliyokaa kivulini, yasiyo na harufu kali.

Nafasi ya mwenye duka

Mfanyabiashara mdogo anaweza kudhani mjadala huu unamkata miguu. Kinyume chake, yeye ndiye mwenye nafasi ya kuwa na nembo ya duka. Anayenunua gunia la sukari, mchele au maharage, akapima kilo na nusu kilo kwa mzani uliohakikiwa na Wakala wa Vipimo, akafunga vizuri na kuuza chini ya bei ya pakiti ya kiwanda, amefanya alichofanya Carrefour. Wenye maduka wanne wakiagiza pamoja kwa gari moja, nauli hugawanyika.

Sifa ya duka hilo itasimama juu ya mzani. Kopo lililobonyezwa chini huleta faida ya wiki, kisha mteja huhama. Lumbesa na kopo bovu ni dhambi moja yenye pande mbili, na zote zimekatazwa na sheria ya vipimo.

Kwa wasindikaji wa asali na siagi ya karanga, kutengeneza kwa ajili ya nembo ya duka la mjini ni soko lisilohitaji matangazo. Tangu mwaka 2019 ubora wa vyakula uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), na wajasiriamali wadogo wamekuwa wakipokelewa huko kwa barua ya utambulisho kutoka SIDO.

Tahadhari yake inajulikana. Uchumi ya Kenya ilifunga maduka yake Tanzania mwaka 2015, na Nakumatt ikaporomoka kuanzia mwaka 2017. Zote mbili ziliacha wazabuni wakidai fedha zao. Aliyewauzia kwa nembo ya duka hakuwa hata na jina lake la kupeleka kwa mnunuzi mwingine. Msindikaji mwenye busara huuza sehemu kwa nembo ya duka na sehemu kwa jina lake, na hasubiri malipo ya mzigo wa tatu kabla ya kulipwa wa kwanza.

Ushirika bila kurudia makosa

Wazee watakumbuka kwamba manunuzi ya pamoja yaliwahi kujaribiwa kwa nguvu ya serikali. COSATA iliundwa mwaka 1962 kusambaza bidhaa kwa maduka ya ushirika, nayo haikudumu. Operesheni Maduka ya mwaka 1976 ilifunga maduka ya watu binafsi ili nafasi ichukuliwe na maduka ya vijiji, na matokeo yakawa uhaba. Maduka yale hayakuwa na mtaji wala usafiri wa kutosha, na wengi waliopewa kuyaendesha hawakuwa na uzoefu wa biashara.

Kikundi cha kaya 10 hakihitaji jengo, meneja wala kumfukuza mwenye duka. Kinahitaji daftari, bidhaa zisizozidi sita, mchango unaolipwa kabla ya mzigo kuagizwa, na ugawaji unaofanyika siku ile ile mbele ya wote, kwa mzani mmoja. Bidhaa isiyokaa ghalani haiibiwi wala kuoza.

Wakati wa kuanza ni pale malipo ya mavuno yanapoingia, kabla ya ada, harusi na madeni kuyagawana. Kaya ijue inatumia lita ngapi za mafuta, kilo ngapi za sukari na pakiti ngapi za chumvi mpaka mvua zitakapokatika. Namba hizo zikiandikwa, hata mwenye duka wa kijijini atakuwa tayari kuzungumza bei, kwa sababu sasa anazungumza na mteja wa dumu, si wa kijiko.