Meza ya Kifaransa si mwanamke

Leo nataka tuongee sarufi, lakini msikimbie, maana safari hii inaishia kwenye msimbo.

Karibu kila mtu anayeanza kujifunza Kifaransa huuliza: kwa nini meza ni ya kike (la table) na kitabu ni cha kiume (le livre)? Halafu hucheka. Mimi naona sisi Waswahili ndio watu wa mwisho wenye haki ya kucheka. Tunasema "kitabu kimeanguka" lakini "meza imeanguka". Kwa nini? Neno kitabu lilitoka Kiarabu likiwa tayari na "ki" yake, tukaidaka, tukapata vitabu, basi.

Ile inayoitwa jinsia katika Kifaransa ni ngeli tu. Wao wanazo mbili, sisi tunazo nyingi. "Kiume" na "kike" ni vibandiko. Neno sentinelle, yaani mlinzi wa zamu, ni la kike hata mlinzi mwenyewe akiwa na ndevu hadi kifuani. Le tour ni mzunguko, la tour ni mnara. Hapa sisi tuna tofauti moja nzuri: tunasema "kiongozi amefika", si "kimefika". Mfaransa hufuata neno, Mswahili hufuata uhai.

Hata kompyuta ina kisa chake. Mwaka 1955 IBM ya Ufaransa ilikuwa ikitafuta jina la mashine yake mpya. Profesa Jacques Perret akapendekeza ordinateur, neno la kiume. Katika barua hiyo hiyo akasema ordinatrice, la kike, nalo lingefaa kabisa. Likashinda la kwanza. Lingeshinda la pili, mashine ingebaki ile ile.

Na Kiingereza je? Kile cha kale kilikuwa na ngeli tatu. Jua lilikuwa la kike, mwezi wa kiume, na neno wif, lililomaanisha mwanamke, halikuwa la kike wala la kiume! Kufikia mwaka 1400 hivi mfumo huo ulikuwa umekwisha. Yamebaki he, she na it, pamoja na mazoea machache kama kuiita meli "she". Hata gazeti la meli la Lloyd's List liliacha mazoea hayo mwaka 2002.

Sasa tufike kwenye msimbo. Programu nyingi huandikwa kwanza kwa Kiingereza, lugha iliyotupa ngeli zake. Mwandishi wa programu huweka nafasi tupu, kisha neno "deleted". Ajaze "file", "photo" au "name", sentensi inasimama. Mpe Mfaransa sentensi hiyo: fichier supprimé, lakini photo supprimée. Mpe Mswahili: kitabu kimefutwa, picha imefutwa, jina limefutwa, ujumbe umefutwa. Nafasi moja tupu, majibu manne. Mfasiri atachagua moja, na programu itamwambia mtumiaji "kitabu imefutwa". Kisha watu watasema mfasiri hajui Kiswahili, kumbe hakupewa nafasi ya kukiandika.

Wapo watakaosema, "Si ataelewa tu?" Ndiyo, ataelewa. Lakini mtoto anayesoma maandishi ya simu kuliko ya kitabu atajifunza sarufi kutoka kwenye simu hiyo. Na mtu mzima akishachoshwa na Kiswahili kibovu atarudisha simu kwenye Kiingereza, halafu tutaambiwa Waswahili hawataki programu za lugha yao.

Vifaa vipo, ila havitoshi. Gettext, inayotumiwa na programu huria nyingi, inajua umoja na wingi, lakini haina mahali pa kuandika ngeli ya nomino. ICU inaruhusu kuandika sentensi tofauti kwa kila hali, mradi mwandishi wa programu akumbuke kuweka mlango huo. Kwa hiyo mimi nasema: andika sentensi nzima kwa kila kitu, usiunge vipande. Vitu vikiwa vingi mno, geuza sentensi: "Umefuta kitabu", "Umefuta picha", hapo kitenzi hakibadiliki. Ujanja huu hauponyi kila kitu, maana kitabu ni kipya, picha ni mpya na jina ni jipya.

Zaidi ya yote, tuache kuiga. Mkenya anayeandika programu ya Wakenya hana sababu ya kuijenga juu ya sarufi ya Kiingereza halafu kuupaka Kiswahili juu kama rangi. Mfaransa ana ngeli mbili tu, na msimbo wa aina hiyo humsumbua. Sisi wenye nyingi tungepaswa kuwa wa kwanza kuukataa.