Jalada Halicheleweshwi na Macho

Waajiri wa siku hizi wamepata dawa mpya. Kazi zikilala, mfanyakazi apelekwe semina akafundishwe kusoma haraka. Wauzaji wa mafunzo haya huahidi kwamba baada ya siku chache karani atasoma maneno elfu moja kwa dakika, au zaidi, na asipoteze kitu. Kwa hesabu hiyo kazi ya wiki itakwisha Jumanne. Ndugu wasomaji, tuitazame ahadi hii kabla fungu la mafunzo halijatoka, maana fedha ni za kampuni au za umma, na posho ya semina ina utamu unaoweza kumfanya hata mwenye akili asiulize swali.

Sitaki kujificha nyuma ya methali ya haraka haraka. Karani mwepesi ni mali, na mzembe anayejiita makini tunamjua sote. Swali langu ni jingine: je, kasi hiyo ipo kweli, na kama ipo, inatibu ugonjwa tulio nao?

Tuanze na jicho lenyewe. Mwishoni mwa karne ya 19 watafiti wa Ulaya, Émile Javal wa Ufaransa akiwa miongoni mwao, walionyesha kwamba jicho la msomaji haliserereki juu ya mstari. Linaruka kama panzi na kutua, na kila linapotua hukaa takriban robo ya sekunde. Herufi huonekana wakati wa kutua tu. Tena, eneo linaloonekana kwa uwazi ni dogo mno: nyoosha mkono mbele yako, na eneo hilo halizidi sana upana wa kidole gumba chako. Pembeni kote ni ukungu. Anayekuambia atakufundisha kuona ukurasa mzima kwa mtazamo mmoja anakuahidi jicho jingine, na macho hayagawiwi semina.

Walimu wa kasi husema pia kwamba kurudi nyuma kwenye maneno uliyokwisha kuyapita ni tabia mbaya ya kuachishwa. Mwaka 2014 mtafiti Keith Rayner na wenzake huko Marekani walilijaribu jambo hilo: waliwasomesha watu sentensi kwenye kompyuta huku maneno yakifunikwa mara tu yalipopitwa, ili yasirudiwe. Ufahamu ulishuka. Kumbe jicho linaporudi nyuma huwa linakwenda kuchukua kitu akili ilichokiacha. Hali ni hiyo hiyo kwa ile sauti ya ndani tunayoisikia tusomapo kimya. Tunaambiwa tuinyamazishe, na akiinyamazisha mtu, jambo gumu ndilo la kwanza kumponyoka.

Mtu mzima asomaye Kiingereza kimyakimya hupita maneno 240 hivi kwa dakika. (Kwa Kiswahili usitafute idadi hiyo hiyo, kwa kuwa neno letu moja hubeba mtenda, wakati na mtendwa kwa pamoja.) Mwenye elimu pana na mazoea ya vitabu atazidi hapo. Elfu moja ni habari nyingine.

Biashara hii ilipata jina kwa mwalimu mmoja wa jimbo la Utah, Marekani, Evelyn Wood, aliyefungua darasa lake la kusoma kwa kasi mwaka 1959. Alikuwa mwalimu hodari, tena mwenye kipaji cha kuvuta watu. Maseneta walijiunga, na mwaka 1977 Rais Jimmy Carter alisoma kozi hiyo ndani ya Ikulu ya Marekani pamoja na mkewe na binti yake. Miaka mitatu baadaye Carter alishindwa uchaguzi na Ronald Reagan, ambaye tangu alipokuwa gavana wa California alitaka kila jambo aletewe katika ukurasa mmoja. Sisemi kwamba hiyo ndiyo sababu. Nasema tu kwamba mmoja alijifunza kumeza makaratasi na mwingine akaamuru yapungue.

Wanasaikolojia Marcel Just na Patricia Carpenter, pamoja na wenzao, waliwapima wahitimu wa kozi za namna hii. Waliwalinganisha na wasomaji wa kawaida, na pia na watu ambao hawakufundishwa lolote ila waliambiwa wapitiepitie maandishi. Wahitimu walikimbia kweli. Kwa habari nyepesi walipata kiini cha mambo vizuri. Lakini walipofika kwenye maandishi magumu, au walipoulizwa jambo mahsusi, waliachwa nyuma na msomaji wa kawaida, na hawakuwa na cha kujivunia sana mbele ya wale wapitiaji wasio na cheti.

Sasa, wakubwa wa ofisi, niambieni: kazini tunasoma nini? Mkataba, zabuni, waraka wa fedha, taarifa ya ukaguzi, maelekezo ya mashine, cheti cha mgonjwa. Katika maandishi hayo kiini hakitoshi. Neno "isipokuwa" likipitwa katika kifungu kimoja, kampuni hulipa deni ambalo si lake. Sifuri ikipitwa katika kipimo cha dawa, hakuna semina itakayoirudisha.

Lakini tuwape nafasi. Tuseme kasi inaongezeka maradufu na ufahamu haupungui hata chembe. Chukua taarifa ya kurasa 20, kila ukurasa maneno 300. Ni maneno 6,000. Msomaji wa kawaida ataimaliza kwa dakika 25. Yule aliyefunzwa ataimaliza kwa dakika 12 na nusu. Sasa ifuate taarifa hiyo ndani ya ofisi. Inalala masjala siku mbili ikisubiri kufunguliwa jalada. Inapanda kwa mkuu wa kitengo, ambaye yuko safarini. Inarudi na maandishi mekundu, "tujadili," bila siku wala saa ya kujadili. Inakwenda kwa mwanasheria, inamsubiri mhasibu, na mwishowe inapata sahihi wiki tatu tangu ilipoingia mlangoni. Katika wiki tatu hizo tumeokoa dakika 12 na nusu! Mwananchi aliyekaa kwenye benchi la nje akisubiri hati yake hatazihisi.

Ofisi zetu hazikwami kwa sababu ya macho. Zinakwama kwa sababu ya maamuzi yanayoogopwa, na kwa sababu ya maandishi yasiyoandikwa ili yasomwe. Pale dokezo la kurasa tisa linapofikia ombi lake katika ukurasa wa nane, aliyekosea ni mwandishi, na si haki msomaji apelekwe kufundishwa kukimbia.

Kuna pia suala la lugha, ambalo walimu wa kasi hawaligusi. Msomaji huenda mbio pale anapoyajua maneno na kuijua kazi. Katika neno asilolizoea jicho hukaa. Mtumishi wa Tanzania hujadili kazi kwa Kiswahili kutwa nzima, kisha hukabidhiwa mkataba wa Kiingereza cha wanasheria, halafu tunashangaa anasoma polepole. Mwaka 2021 Bunge letu lilibadili sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Ofisi zinasubiri nini hata sasa kuandika taratibu zao za ndani kwa lugha wanayoielewa wanaozifuata? Mwandikieni mtu kwa lugha anayoielewa, mtaona kasi yake inapanda bila mkufunzi.

Haki itendeke: kupitiapitia ni ufundi, na unafundishika. Mfanyakazi aliyefungua barua pepe sitini asubuhi anahitaji kujua ipi aifute, ipi aipe mwenzake, na ipi akae nayo. Afundishwe kuanza na vichwa vya habari, aya ya kwanza na mapendekezo, kisha aamue. Hilo lafundishwa asubuhi moja na mtu wa ofisini humo humo, bila hoteli.

Wenzetu waliobanwa na kazi kubwa kuliko zetu walifanyaje? Tarehe 9 Agosti 1940, Uingereza ikikabiliwa na ndege za Ujerumani, Waziri Mkuu Winston Churchill aliwaandikia mawaziri na idara zao akiwataka wafupishe taarifa: hoja kuu zipangwe katika aya fupi, takwimu ndefu ziwekwe kiambatisho, maneno ya kupambia yaachwe. Hakuwapeleka majenerali kujifunza kusoma mbio. Na kampuni ya Amazon, ambayo haijulikani kwa kuchezea muda, ilizoea kuanza vikao vyake vikubwa kwa ukimya: wote wanasoma waraka usiozidi kurasa sita, hapo hapo mezani, kisha ndipo mazungumzo yanaanza. Hakuna wa kujifanya ameusoma nyumbani.

Basi wakuu wa idara, anzeni na kalamu zenu. Ombi liwe katika aya ya kwanza. Jalada lipewe tarehe ya kutoka mezani kwenu. Mtumishi apewe saa moja kwa siku ambayo haitwi wala hapigiwi simu, asome.

Na kama bado kuna mkuu anayetaka kununua mafunzo hayo, ampime kwanza mwalimu. Asikubali mtihani uliotungwa na muuzaji. Huko Marekani mtafiti Ronald Carver aliuchukua mtihani uliotumiwa kuwapima wahitimu wa kusoma kwa kasi, akawapa watu ambao hawakuyasoma kabisa maandishi yenyewe, nao wakakaribia alama za wahitimu kwa kubahatisha tu. Achukue mkataba halisi kutoka masjala yake, amwache mwalimu ausome kwa kasi anayoiuza, kisha amuulize tarehe, kiasi cha fedha na adhabu ya kuchelewa. Maswali hayo hayo ampe mhudumu wa ofisi ambaye hajauona mkataba huo. Majibu yao ayaweke pamoja mezani kabla hajasaini hundi.