Adui Aliyemo Udongoni

Wengi wetu tukisikia msitu umeangamia, fikira zetu huenda kwenye shoka na moto. Lakini yako maangamizi yasiyo na moshi wala kishindo. Yaliyoipata misitu ya kusini-magharibi mwa Australia ni fundisho ambalo kila mfanyakazi yampasa alitie moyoni.

Huko humea miti iitwayo jarrah, jamaa ya mikaratusi, ambayo mbao zake ngumu zilifanywa mataruma ya reli na hata kutandikwa katika barabara za London. Mnamo mwaka 1921 ilionekana kwamba miti hiyo yanyauka na kufa makundi kwa makundi. Kwa miaka zaidi ya 40 sababu haikujulikana. Ndipo katika miaka ya 1960 mtaalamu Frank Podger na wenzake walipothibitisha kwamba muuaji ni kijidudu kiitwacho Phytophthora cinnamomi, kilichokwisha kutambuliwa katika midalasini ya Sumatra mwaka 1922.

Kijidudu hiki hufanana na kuvu, lakini nasaba yake i karibu zaidi na mwani. Udongo ulowapo hutoa mbegu ndogo mno, nazo huogelea hadi kwenye mizizi na kuiozesha. Mti hufa kwa kiu hali maji yamo chini yake. Asilimia 40 hivi ya aina za mimea ya asili ya sehemu hiyo yaweza kudhuriwa.

Ni nani aliyekieneza? Peke yake hakisafiri mbali. Kilichukuliwa katika changarawe iliyochimbwa penye ugonjwa na kumwagwa kwenye barabara mpya, katika magurudumu ya malori ya magogo, na katika makatapila yaliyohama kazi moja kwenda nyingine bila kuoshwa. Hatuwalaumu wafanyakazi wa siku zile, kwani walitii amri na hapana aliyejua. Lakini jambo likishajulikana, udhuru huo umekwisha. Mwaka 1976 serikali ya jimbo ilizuia magari yasiyo na kibali kuingia sehemu kubwa za misitu.

Dawa ya kukitokomeza katika msitu mzima haijapatikana hata leo. Fosfaiti, idungwayo mtini au kunyunyizwa majanini, huusaidia mti kujikinga tu. Hata hivyo udongo nao una askari wake. Penye mboji nyingi, bakteria na kuvu wema hushindana na adui, na baadhi ya kuvu hao huivika mizizi michanga kama ala ivikavyo upanga. Udongo uliokosa mboji hukosa ulinzi huo.

Jambo hili si la Australia pekee. Kijidudu hicho hicho huozesha mizizi ya miparachichi katika nchi nyingi, za Afrika zikiwamo.

Kwa hiyo twasema wazi: kuosha buti, sepetu na magurudumu kabla ya kuingia msituni au shambani ni sehemu ya kazi, wala si kupoteza wakati. Msimamizi na atoe maji na brashi, na muda huo uuhesabu katika saa za kazi. Mfanyakazi naye asikubali kuharakishwa akaenda na tope. Wazee walinena kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Kiulacho msitu ki nyayoni mwetu.