Fundi, Gitaa na Maabara ya Shule

Baadhi ya walimu wa sayansi huamini kwamba muziki ni jambo la starehe, na kwamba mahali pake ni ukumbini, si maabarani. Katika makala haya nakusudia kuipinga imani hiyo. Nitatumia mfano mmoja mdogo: visanduku vya umeme vinavyoundwa kwa mikono, ambavyo wapiga gitaa na wapiga vinanda vya umeme huvitumia kugeuza sauti za ala zao. Maoni yangu ni kwamba kisanduku kimoja cha namna hii, kikiundwa na wanafunzi wenyewe, hufundisha habari za umeme na mawimbi kuliko kurasa nyingi za daftari zilizonakiliwa kutoka ubaoni.

Tuanze na historia yake. Mnamo mwaka 1961 mwimbaji wa Marekani, Marty Robbins, alitoa wimbo uitwao Don't Worry. Wakati wa kuurekodi mjini Nashville, njia moja ya mtambo wa kuchanganyia sauti iliharibika, na gitaa zito la Grady Martin likatoka na sauti ya kukwaruza. Sehemu ile haikufutwa. Fundi wa studio, Glenn Snoddy, alitafuta namna ya kuipata sauti hiyo kwa makusudi, kwa kutumia transista. Mwaka 1962 kampuni ya Gibson ikaanza kuuza kisanduku kilichotokana na kazi hiyo, kwa jina la Maestro Fuzz-Tone. Mwaka 1965 Keith Richards wa kundi la Rolling Stones alikitumia katika wimbo wao Satisfaction, na tangu hapo sauti ya kukwaruza ikaenea duniani.

Historia hii inatufunza kwamba hitilafu si tabia ya kifaa peke yake. Hutegemea kusudi la mtumiaji. Mkwaruzo ule ule ambao mhandisi wa simu huuondoa kwa jasho, mpiga gitaa huutafuta kwa fedha. Wala wazo hilo halikuzaliwa Nashville. Washona wa Zimbabwe hufunga makombe au vizibo vya chupa kwenye mbira zao ili zitoe mvumo. Mafundi wa balafoni huko Afrika Magharibi huziba matundu ya vibuyu kwa utando wa buibui kwa sababu hiyo hiyo. Na mjini Kinshasa, Mawangu Mingiedi, mwanzilishi wa kundi la Konono Nº1, aliunda vinasa sauti vya likembe kwa sumaku alizozitoa katika vipuri vya magari, na sauti iliyokwaruza katika vipaza sauti vyake ikawa ndiyo alama ya muziki wake.

Sasa tukitazame kisanduku chenyewe. Mojawapo ya vile vilivyopata sifa ni Fuzz Face, kilichotolewa Uingereza mwaka 1966. Ndani yake mna transista 2, kapasita 3, rezista 4, rezista 2 za kuzungusha kwa mkono, na betri ya volti 9. Ni vitu vichache kiasi kwamba mwanafunzi wa kidato cha nne huweza kueleza kazi ya kila kimoja. Transista hukuza wimbi dogo litokalo kwenye gitaa. Lakini wimbi haliwezi kukua kupita volti zilizopo katika betri. Likifika kwenye mpaka huo, vilele vyake hukatwa na kuwa bapa. Kukatwa huko ndiko kunakosikika kama mkwaruzo.

Je, mbona wimbi lililokatwa vilele lisikike tofauti? Hapa ndipo somo la mawimbi linapokutana na somo la umeme. Tuchukue mtetemo mmoja wa hezi 110, ambao ni kima cha uzi wa tano wa gitaa. Ukikata vilele vya juu na vya chini kwa usawa, mitetemo mipya huzaliwa: hezi 330, 550, 770 na kuendelea, yaani mara tatu, mara tano, mara saba ya ule wa kwanza. Ukikata upande mmoja zaidi ya mwingine, huongezeka pia ile ya mara mbili na mara nne, yaani hezi 220 na 440. Sikio la mwanafunzi hutambua tofauti hiyo kabla hajajua hesabu zake, na akishaisikia, hesabu hupata maana.

Transista za mwanzo zilikuwa za jamaniamu. Baadaye zikaja za silikoni. Wako wauzaji wanaozitangaza za jamaniamu kana kwamba zina hirizi ndani yake, na bei hupanda kwa kadiri ya sifa hizo. Mwanasayansi hapaswi kucheka wala kuamini, yampasa kupima. Ni kweli kwamba jamaniamu ina tabia zake. Mkondo unaovuja ndani yake huongezeka takriban mara mbili kwa kila ongezeko la nyuzi 10 za joto. Basi kisanduku kilichorekebishwa asubuhi ya baridi huko Njombe, penye nyuzi 12, kikipelekwa Dar es Salaam penye nyuzi 32, mkondo huo utakuwa karibu mara nne, na huenda sauti ikaharibika kabisa. Hilo ni jambo la fizikia, na mita ya umeme hulionyesha.

Lakini dai kwamba sikio hutambua daima kifaa ghali na kifaa rahisi ni dai jingine. Darasa lolote linaweza kulichunguza. Weka visanduku viwili nyuma ya pazia, virekebishwe vitoe sauti ya nguvu sawa. Mwanafunzi mmoja arushe sarafu kuamua kipi kipigwe. Anayesikiliza na anayeandika majibu wasijue matokeo ya sarafu. Rudieni mara 20. Msikilizaji akipatia mara 10 au 11, amebahatisha tu. Akipatia mara 18, tofauti ipo kweli. Mwanafunzi aliyefanya jaribio hili mara moja amejifunza namna ya kulikabili tangazo la dawa, la mbegu au la mbolea.

Wako watakaosema kwamba jitihada hii imepitwa na wakati, kwani leo programu ndani ya simu huweza kuiga sauti za visanduku hivi. Sikatai. Kwa mpiga muziki anayetaka sauti tu, huenda programu ikamtosha. Lakini shule haitafuti sauti, hutafuta ufahamu. Katika programu, mwanafunzi hugusa picha ya kitufe. Katika kisanduku, hung'oa kapasita moja, akaweka nyingine, akasikia sauti nzito ikipotea, na akalazimika kujiuliza kwa nini. Tena simu hiyo hiyo yaweza kuwa msaidizi wa maabara, kwani zipo programu zinazochora umbo la wimbi, na shule isiyo na chombo maalumu cha kulionyesha ikapata pa kuanzia.

Kwa wanafunzi walioendelea zaidi, yako masomo magumu kuliko mkwaruzo. Mwaka 1969 Sangster na Teer wa kampuni ya Philips, Uholanzi, waliunda sakiti inayochelewesha sauti kwa kupokezana chaji, kama watu waliojipanga mstari wanavyopokezana ndoo za maji. Sakiti yenye hatua 4096, ikiendeshwa kwa mapigo 10,000 kwa sekunde, na kila pigo likiivusha chaji hatua 2, huichelewesha sauti kwa takriban sekunde 0.2. Kwa kuwa sauti hewani huenda kama mita 340 kwa sekunde, huo ni mwangwi wa ukuta ulio umbali wa karibu mita 35. Mwalimu mwenye kisanduku hicho ana ukuta wa kubebeka mkononi.

Jambo la mwisho ni la heshima. Osbourne Ruddock, aliyejulikana kama King Tubby, alikuwa fundi wa redio na vipaza sauti mjini Kingston, Jamaika. Katika miaka ya 1970 alirekebisha kwa mikono yake mitambo ya studio yake ndogo, akaondoa sauti za waimbaji katika nyimbo zilizokwisha kurekodiwa, akazirudisha vipande vipande kwa mwangwi. Kazi yake ilibadili muziki wa dunia, na msingi wake ulikuwa ufundi wa kutengeneza vifaa vilivyoharibika. Mafundi wa namna hiyo tunao katika kila mji wetu. Wengi wamezeeka, na vifaa vya siku hizi, vyenye vipuri vidogo kama punje za mchanga, vinawanyima kazi. Wakiondoka, maarifa yao yataondoka nao, kwa maana hatukuyaandika.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, kila klabu ya sayansi iunde walau kisanduku kimoja kwa transista za silikoni, ambazo ni rahisi kupatikana, kwa betri ya volti 9 isiyo na hatari. Umeme wa nyumbani usiguswe kamwe. Pili, fundi redio wa karibu na shule aalikwe kufundisha kulehemu, naye apewe nafasi ya mwalimu, si ya kibarua. Tatu, wanafunzi waandike yote waliyoyapima na kuyasikia, pamoja na yale yaliyoshindikana. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea, alionya juu ya elimu inayomtenga mwanafunzi na kazi ya mikono. Onyo hilo bado lina nguvu: mwanafunzi anayeijua kanuni ya transista lakini hajapata kuishika, elimu yake ingali nusu.