Akiba Haiozi, Lakini Boga Huoza

Wahenga walinena kwamba akiba haiozi. Kwa upande wa boga, kauli hiyo ni kweli kwa sharti moja: tutofautishe kuiva na kukomaa. Wengi hutazama rangi tu, wakasema boga limeiva, wakalichuma. Rangi hudanganya. Boga lililokomaa huwa na ganda lisilopenyeka kwa ukucha, na kikonyo kilichokauka.

Likatwe kwa kisu, kikonyo kibaki upana wa vidole vitatu au vinne. Kikinyofoka, uozo hupata mlango wa kuingilia. Kisha liwekwe siku 10 hadi 14 penye joto, ukavu na hewa, ili ganda lizidi kuwa gumu na mikwaruzo ipone. Hatimaye lihifadhiwe pakavu penye ubaridi kiasi, juu ya ubao, maboga yasigusane. Hapo hudumu miezi miwili, mitatu, hata zaidi.

Nawasihi walimu wenzangu: shamba la shule lifunze Kiswahili na kilimo kwa pamoja. Mwanafunzi aliyeielewa tofauti ya vitenzi hivi viwili atakuwa na boga la kupika wakati wa kiangazi, huku jirani yake akitupa yaliyooza.