Kazi za Mkono: Kadi na Jina Lake

Mwaka jana katika ukurasa huu tulizungumza juu ya kuhifadhi kanga za mama zetu zisiliwe na nondo, na wengi wenu mlinipigia simu, wengine kunishukuru na wengine kunisahihisha. Wote nawashukuru. Mwaka huu akina mama wa darasa letu la Jumamosi wameniomba nieleze namna tunavyotengeneza kadi za Idi na za harusi kwa mikono yetu wenyewe, kwa kupiga mihuri, kuinua nakshi na kukata karatasi kwa kalibu. Nimekubali, kwa sharti kwamba mtanivumilia nikimtaja dada yangu mwishoni, maana yeye ndiye aliyenifundisha kazi hii, ingawa hajapata kushika mkasi wa karatasi.

Wazee wetu wamesema waraka ni nusu ya kuonana. Sisi tuliotawanyika, mwenye ndugu Muscat, mwenye mama Unguja, mwenye mtoto Toronto, tunaishi kwa nusu hiyo. Siku hizi asubuhi ya Idi simu hulia tangu alfajiri. Picha humiminika, mwezi na msikiti na maua yanayometameta, na Idi moja picha ile ile nililetewa na watu kumi na mmoja. Sisemi ni vibaya, salamu ni salamu. Lakini nani kati yetu anaweza leo kuitoa sandukuni picha aliyoletewa miaka mitatu iliyopita? Kadi hukaa.

Hata hivyo kadi nayo ina historia yake, na yafaa tuijue. Hapa Uingereza mwaka 1840 ilianza posta ya peni moja, barua ikaweza kwenda popote nchini kwa bei hiyo. Watu wakaandikiana kwa wingi. Mwaka 1843 bwana mmoja, Henry Cole, ambaye mwenyewe alikuwa amesaidia katika mageuzi hayo ya posta, aliona barua za Krismasi za kujibu zimemshinda. Akamwomba mchoraji John Callcott Horsley amchoree kadi, ikachapishwa, naye akabakiwa na kazi ya kujaza majina tu. Nyingine ziliuzwa kwa shilingi moja moja, bei kubwa kwa siku zile. Basi angalieni: kadi ya dukani tangu kuzaliwa kwake ilikusudiwa kumpunguzia mtu kazi ya kuandika. Hilo liwekeni akilini, nitalirudia.

Kwetu sisi mfano mzuri wa kadi ni kanga. Kanga ina pindo linaloizunguka, ina mji wake katikati, na ina jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa. Mwanamke akienda dukani huvutiwa na rangi, lakini kabla ya kutoa fedha atauliza, "Jina lake nini?" Kanga ikiwa nzuri na jina halifai, ataiacha. Nami darasani nimewaambia wenzangu kwamba kadi nayo iwe na pindo, mji na jina. Tena kupiga mihuri si jambo la kigeni kwetu, kwani nakshi za nguo za kwanza za namna hiyo zilikuwa zikigongwa kwa vibao vya mti vilivyochongwa, kabla ya viwanda kuishika kazi.

Sasa tuingie kazini. Karatasi ya kadi yenyewe iwe ngumu, ya gramu 300 hivi kwa mita ya mraba, isije ikalegea ikisimamishwa. Ya kukatia maua na herufi iwe nyepesi zaidi, gramu 160 yatosha, au manila ile tuliyokuwa tukiitumia skuli. Karatasi ya A4 ukiikata katikati hupata kadi mbili, na kila moja ukiikunja huingia katika bahasha ya C6. Kabla ya kukunja, weka rula na upitishe mgongo wa kisu au kalamu iliyokwisha wino, ukandamize kidogo. Hapo mkunjo utanyooka.

Muhuri wa mpira hununuliwa madukani, wa mua, wa nyota, wa mwezi, kila namna. Ugonge taratibu juu ya pedi ya wino, usiuzamishe. Kisha uweke juu ya karatasi, ukandamize kwa kwenda chini, uinue wima. Ukiutikisa, nakshi itapata kivuli. Watoto wasipewe mihuri ya fedha nyingi. Kata mbatata katikati, ifute maji kwa kitambaa, chonga ua ukiliacha limesimama na pembeni ukipunguza, kisha wachovye katika rangi ya maji. Mbatata hufaa kwa siku moja tu. Raba ya kufutia hudumu miaka.

Na hapa nikiri kosa langu. Mimi chuoni nilisifiwa khati, na sifa hiyo sikuisahau. Nikachonga raba kubwa maneno ya Idi Mubarak kwa herufi za Kiarabu, nikagonga kadi ishirini moja kwa moja, nikazipanga mezani zikauke. Mjukuu wangu wa miaka tisa akazitazama, akasema, "Bibi, mbona umeandika kinyumenyume?" Kumbe muhuri hugeuza, nami nilichonga kama ninavyosoma. Njia iliyo sahihi ni hii: andika maneno yako juu ya karatasi nyembamba kwa penseli laini, ilaze kifudifudi juu ya raba, uisugue kwa ukucha. Maneno yatahamia yakiwa yamegeuka. Chonga kama unavyoyaona, na ukigonga yatanyooka. Zile kadi ishirini tumeandikia orodha za sokoni.

Kuinua nakshi, yaani kuifanya itune juu ya karatasi, kuna njia mbili. Ya kwanza haina moto. Twaa kalibu nyembamba ya bati au plastiki iliyotobolewa nakshi, ibandike kwenye kioo cha dirisha mchana, juu yake weka kadi, uso wake ukielekea kwenye kalibu. Mwanga utakuonyesha nakshi. Pitisha ncha butu katika kingo zake, kalamu iliyokwisha wino yatosha, na ukiigeuza kadi utakuta nakshi imeinuka. Kwa kuwa unafanya kazi kutoka mgongoni, kalibu ya herufi nayo igeuzwe. Waliowahi kutoboa viua vya kofia watakuwa mafundi wa hili kwa siku moja, kwa sababu hata vitobo vya sindano vikipigwa kutoka nyuma hufanya pindo zuri la kuinuka.

Njia ya pili ni ya unga na moto. Unagonga muhuri kwa wino mzito unaochelewa kukauka, unanyunyiza unga maalumu wa kuyeyuka, kisha unakung'uta uliozidi juu ya karatasi nyingine na kuurudisha chupani. Kwanza lakini pitisha poda kidogo juu ya kadi na uipanguse, ili unga usishike pasipotakiwa. Punje zilizopotea ziondoe kwa brashi ndogo kavu. Halafu elekeza kipulizio cha hewa ya moto, na mara tu unga unapoanza kung'ara kama uliolowa, songa mbele, ukikaa pale karatasi itaungua. Msijaribu mashine ya kukaushia nywele. Moto wake hautoshi, na upepo wake huupeperusha unga wote kabla haujayeyuka. Dirisha liwe wazi, na kipulizio kisishikwe na mtoto, kwa sababu hewa yake huchoma.

Kwa rangi, wenye jamaa Marekani watakumbuka stempu ya Idi iliyotolewa huko mwaka 2001, ya senti 34, kwa khati ya Mohamed Zakariya, maandishi ya dhahabu juu ya buluu. Unga wa dhahabu juu ya karatasi ya buluu iliyokoza haujapata kutuangusha. Unga mweupe juu ya nyekundu nao hufaa kwa harusi.

Kukata kwa kalibu ndiko kunakowapendeza vijana. Kalibu hizi ni za chuma chenye makali, umbo la ua au nyota au herufi. Unaiweka juu ya karatasi, unaibana baina ya vibao viwili vya plastiki, kisha unavipitisha katika mashine yenye magurudumu mawili inayozungushwa kwa mpini. Aliyewahi kusimama mbele ya mashine ya miwa pale Forodhani hana haja ya maelezo zaidi, ila hapa hakuna maji ya kunywa. Vibao hupinda kwa kutumika, basi kila mara vigeuzeni chini juu. Mashine ni ghali kwa mtu mmoja. Sisi tulichangishana, nayo huzunguka nyumba hadi nyumba kama sufuria ya biriani.

Neno moja la posta. Hapa Uingereza barua ya kawaida isizidi sentimita 24 kwa 16.5, na unene wake milimita 5, na uzito gramu 100. Mkirundika maua juu ya maua, kadi itahesabiwa kuwa barua kubwa, na stempu ikipungua atakayetozwa ni yule mnayempa salamu. Ipimeni ikiwa ndani ya bahasha.

Sasa nimtaje dada yangu. Yeye ni mkubwa wangu kwa miaka saba, yuko Unguja, na maisha yake yote alikuwa fundi wa kushona kofia. Kila Idi nilimpelekea kadi nzuri kuliko zote nilizotengeneza mwaka ule, zenye dhahabu, zenye maua ya kukatwa. Ndani niliandika jina langu tu, kwani nilijiambia maneno tutayasema kwa simu. Kisha akapata presha ya macho, na taratibu nuru ikamwondokea. Mimi nikaendelea kupeleka kadi.

Idi moja akanipigia simu. Akasema, "Mdogo wangu, kadi yako imefika. Nimeipapasa. Maua yake ni saba, nimeyahesabu. Umeniandikia nini?"

Nikamjibu kwamba nimeandika jina langu.

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Jina lako nalijua."

Jamaa zangu, usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa nimefanya kama yule bwana wa mwaka 1843, na mimi sikuwa na barua nyingi za kujibu. Nilikuwa na dada mmoja.

Asubuhi nilitoa kalibu za herufi kubwa, kila herufi upana wa sentimita tatu na nusu pamoja na nafasi yake, maana vidole havisomi maandishi madogo. Nikakata kila herufi mara tatu katika manila na kuzigandisha moja juu ya nyingine ili zisimame. Kadi ya A5 ikilazwa ina sentimita 21, kwa hiyo herufi sita tu ndizo zinazoenea. Nilitaka NAKUKUMBUKA, haikuenea. SALAMU ilienea, lakini salamu alikuwa nazo za kutosha. Nikahesabu kwa vidole, nikapata neno jingine la herufi sita: NAKUJA. Nikazipanga juu ya kadi bila gundi, nikaziacha hapo siku mbili. Mume wangu alipita akasoma, akauliza, "Na tiketi?" Nilikuwa sijakanyaga Unguja miaka minane. Kila mwaka palikuwa na sababu, na kila sababu ilikuwa ya kweli. Siku ya tatu nikatia gundi.

Kadi ilipofika alinipigia mwenyewe. Hakutoa salamu. Alitaja herufi moja moja, N, A, K, nikisikia vidole vyake vikikwaruza karatasi, akafika mwisho, akasema, "Lini?"

Nilikwenda mwezi wa Shaaban, nikakaa hadi Idi ilipokwisha. Kadi niliikuta chini ya mto wake. A ya mwisho ilikuwa imebanduka, na binti yake ameirudisha. Dada aliniambia, "Kazi yako safi, ila gundi yako haifai kwa joto letu." Ni kweli. Gundi ya kijiti inayoshika vizuri huku huachia kwa unyevu wa kwetu. Kwa kadi za kwenda pwani, tumieni gundi nyeupe ya mbao, kidogo tu, na mweke kitabu kizito juu yake usiku kucha.

Tangu hapo darasani tumeweka kanuni. Mtu hashiki karatasi kabla hajasema kadi yake ni ya nani na jina lake nini. Wengine hukaa robo saa nzima kimya, na mara nyingine mtu huinuka akaenda kupiga simu kwanza. Watoto wetu wanaoandika Kiswahili kwa shida tunawataka sentensi mbili tu, kwa mkono wao, wala hatuzisahihishi. Bibi anayezipokea atajua nani kaandika, na makosa yao ndiyo sauti yao.

Mwakani, tukijaaliwa uhai, nitaeleza kufuma ukili. Mwenye masalio ya karatasi za rangi asitupe, alete Jumamosi.

Wassalaam.
Mwalimu wenu