Televisheni bapa katika nyumba yenye wageni: mnunuzi aangalie nini?

GOMA – Kwenye maduka ya Birere, mtu anayetafuta televisheni bapa huulizwa swali moja: "Unataka ya inchi ngapi?" Hilo ni swali la muuzaji. Mwenye nyumba ana maswali yake: umeme wa kwake ukoje, ukuta ni wa mbao ama wa matofali, na usiku nani analala kwenye saluni. Hilo la mwisho ndilo watu wanasahau, na ndilo linaloleta ugomvi.

Tangu vita vilipozidi, familia nyingi zilizokimbia Rutshuru, Masisi na Nyiragongo zimepokelewa na ndugu ama marafiki mjini. Nyumba ya vyumba viwili inabeba familia mbili, wakati mwingine tatu. Mchana magodoro yanaegemezwa ukutani, usiku yanatandikwa kwenye saluni, na televisheni iko humo humo. Baba mwenye nyumba anataka kuangalia mpira hadi saa tano ya usiku. Mama mgeni ana mtoto wa kulaza, lakini hawezi kusema neno kwa sababu yuko kwa watu. Anangoja. Mtoto akilia, ndipo utasikia kwamba watoto wa wakimbizi wana kelele.

Hapo mwenye makosa si mgeni. Anayeweka televisheni kwenye chumba ambamo watu wanalala, aongee nao kwanza. Saa ya kuzima ijulikane tangu siku ya kwanza, na aitaje mwenye nyumba mwenyewe, maana mgeni hataweza kuiomba. Kama baba hawezi kuacha mpira wa usiku, basi anunue ndogo ya inchi 24 aiweke chumbani kwake. Na yule anayeshika telekomande ajue ni nani ameketi kwenye mkeka. Watoto waliokimbia risasi hawana haja ya kuzisikia tena kwenye filamu kabla ya kulala.

Kuna wanaosema kwamba katika shida hizi, kununua televisheni ni majivuno tu. Wanakosea. Tarehe 7 Februari 2024, kabla ya nusu fainali ya Kombe la Afrika dhidi ya Ivory Coast kule Abidjan, wachezaji wa Leopards walifunika midomo kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine wakaelekeza vidole viwili kwenye kichwa kama bunduki. Walikuwa wanasema juu ya mauaji ya mashariki ya Congo. Timu ilifungwa 1-0, lakini ishara ile ilionekana dunia nzima. Radio inaweza kuieleza ishara kama hiyo. Kuiona ni jambo lingine, na aliyefukuzwa kijijini kwake ana haki ya kuiona pia.

Sasa, ukubwa. Inchi hupimwa kutoka pembe moja ya kioo hadi pembe ya pili, kwa mshazari: inchi 32 ni sentimita 81, inchi 43 ni sentimita 109. Macho hupumzika vizuri mtu akiketi mbali na kioo mara moja na nusu hadi mara mbili na nusu ya kipimo hicho. Saluni nyingi za mbao za Goma hazina nafasi zaidi ya hapo. Kwa mita mbili, inchi 32 inatosha, na 43 ni nyingi. Ile ya inchi 55 itawageuza watu shingo, na dola zilizoongezwa juu yake zingenunua kitu cha lazima zaidi, yaani stabilizatere.

Kwenye umeme ndiko pesa za watu zinateketea. Umeme unakatika, unarudi kwa nguvu, na televisheni ya wiki mbili inanyamaza moja kwa moja. Kabla ya kulipa, geuza televisheni usome maandishi ya nyuma. Ikiandikwa volti 100 hadi 240, itavumilia umeme ukishuka jioni wakati mtaa mzima unapika na kupiga pasi, lakini ukipanda ghafla inaungua kama zile zingine. Umeme ukikatika, chomoa. Ukirudi, ngoja dakika chache ndipo uchomeke. Hapo nyuma pia kuna idadi ya wati. Ya inchi 32 mara nyingi inakula kati ya 30 na 50, wakati ile ya 55 inaweza kupita 100. Kwa anayelipia umeme kabla ya kuutumia, ama anayetegemea betri ya sola, tofauti hiyo inaonekana kabla mwezi haujaisha. Mara ya kwanza kuwasha, kwenye menyu ya Kifaransa chagua "Maison", si "Magasin". Mwanga wa dukani ni mkali, unaumiza macho na unakula umeme bure.

Dukani, usikubali kuonyeshwa sanduku tu. Iwashwe mbele yako, waweke picha nyeupe tupu, utafute doa jeusi ama mstari. Kioo kikipasuka, mara nyingi kukibadilisha kunakaribia bei ya televisheni nyingine, na fundi mwaminifu atakuambia hivyo. Angalia pia matundu. Kama dekodere yako ni ya zamani, yenye nyaya za rangi tatu, televisheni nyingine mpya hazina mahali pa kuzichomeka. Garanti ya mdomo haina maana: iandikwe kwenye karatasi yenye tarehe na jina la duka. Wauzaji wanaokataa kuandika wanajua kwa nini wanakataa.

Kuipeleka nyumbani, isimame wima. Kuilaza juu ya chukudu kama godoro, kwenye njia zetu za mawe ya volkano, ni kutafuta ufa.

Halafu ukuta. Mbao za nyumba zetu ni nyembamba, na skrubu iliyopigwa kwenye ubao peke yake itatoka siku moja. Ipigwe kwenye nguzo. Kama nguzo haiko mahali panapofaa, afadhali televisheni ikae juu ya meza pana, nzito, na ifungwe nyuma kwa kamba ngumu hadi kwenye nguzo. Hili si la kuahirisha. Mahali palipo na watoto wanane, mmoja atapanda meza, na televisheni ikimwangukia kichwani inaweza kumuua. Katikati ya kioo iwe karibu na usawa wa macho ya walioketi, na wengi wameketi chini, kwa hiyo isipandishwe karibu na dari kama kwenye bar. Isitazamane na mlango, wala isikae juu ya jiko la makaa.

Neno kwa wageni pia, wale wanaojitahidi kununua ya kwao baada ya kupata kazi kidogo: chukueni ndogo, na msitupe katoni yake wala zile povu nyeupe za ndani. Inachukua nafasi, ni kweli, lakini inaingia chini ya kitanda. Ya inchi 32 ina kilo 4 ama 5, na ikiwa ndani ya katoni yake mtu mmoja anaibeba mgongoni. Ya 55 inahitaji watu wawili, na siku ya kuhama ghafla wale wawili wana watoto wa kubeba.